Udongo wa Longton

Saa moja na nusu asubuhi Qadeer hupiga honi mara moja tu.
Ya pili humkera Brogan,
na siku ikianza kwa kukereka
huishia kwa kioo.

Mimi ni msindikizaji. Halmashauri hunilipa
niketi siti ya nyuma, upande wa mlango,
na mtoto wa miaka minane
ambaye shule tatu zimemrudisha kwao
kama barua iliyokosewa anwani.

Leo kavaa kiatu kimoja.
Cha pili kiko juu ya banda la jirani.
Mamake ananieleza haya mlangoni, hanitazami,
sweta kaivaa nje ndani,
mkononi karatasi za daktari, kurasa tano.
"Wamempa jina," anasema. "Ugonjwa una jina refu."
Kisha, chini chini:
"Nimezisoma zote tano.
Sijamwona mwanangu hata kwenye moja."

Kwetu Korogwe jina lilikuwa fupi: mtukutu.
Dawa nayo fupi, ilikaa juu ya kabati la mwalimu.
Kaka yangu Mbelwa aliijua ladha yake
kuliko alivyoijua hesabu ya kugawanya.
Sikio la kufa, tulimwita, tukicheka,
mimi nikicheka zaidi.
Alichapwa hadi akanyamaza.
Tukasema, amepona.
Amenyamaza mpaka leo. Hatujui aliko.

Udongo uwahi ungali maji, walituambia.
Na mji huu ni wa udongo.
Matanuri ya zamani yamesimama nyuma ya maduka,
manene chini, membamba shingoni, hayana moshi.
Qadeer alibeba sahani humo miaka kumi na tisa
kabla kiwanda hakijafungwa.
Anasema udongo ukiwa na hewa ndani
utapasuka motoni, hata ukiufinyanga kwa upendo gani,
na utavunja na vya jirani.
"Sasa mnafanyaje?"
"Unaukanda. Unaukata uone. Unaukanda tena."
Qadeer hasemi mafumbo. Anazungumzia sahani.

Nami nilitaka sana liwe fumbo.
Lakini udongo hauumi,
na Brogan Jumanne aliniuma hapa, juu ya kifundo,
meno manne, nayahesabu nikiosha vyombo.

Barabara kuu imefungwa. Koni nyekundu, mvua,
mtu mwenye koti la njano anatuashiria kushoto.
Kushoto si njia yetu.

Zamani ningesubiri ngumi ndipo nione.
Siku hizi naanzia shingoni:
wekundu hupanda taratibu hadi masikioni,
vidole vinatafuta uzi wa kuvuta kwenye kiti,
pumzi inakatika vipande.
Hapo bado ni hofu.
Baada ya hapo itaitwa ukorofi.

"Si njia hii! Si njia hii! Si njia hii!"
Teke. Teke. Kiti cha Qadeer kinaruka.
Methali zote nilizolelewa nazo
zinanijaa mdomoni, kila moja na fimbo yake.
Nazimeza.
Qadeer anaegesha mbele ya duka la mazulia,
anazima injini, anazima na redio.

Sina ninalolijua.
Navua kiatu changu cha kushoto,
naninginiza soksi yangu yenye tundu
karibu na soksi yake yenye tope.
Basi. Tunakaa.
Vioo vinaingia ukungu.
Teke moja tena, dogo, la kumalizia.

"Chako kinanuka," anasema.
"Najua."
"Kinanuka kama samaki."
"Na chako kiko juu ya banda."
Anafikiri.
"Kitalowa," anasema, na sauti inamvunjika
kana kwamba ni kiatu kilichomtupa yeye.

Tumefika tumechelewa dakika arobaini,
tukichechemea uani sote wawili.
Ofisini kuna fomu. Kisanduku cha kwanza: Tukio.
Naandika: Barabara ilifungwa.
Kalamu inasita. Jina refu la daktari nalijua,
hata tahajia yake nimejifunza.
Naongeza: Tumefika.

Soksi imelowa mpaka kisigino.
Kesho, honi moja.